Shangazi, nichukue shahada zote mbili au moja inatosha?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 32, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka minne, naishi Morogoro. Ni afisa wa huduma za uangalizi, wale ambao watu wengi hawajui hata kama tupo. Hakimu akitaka kujua kama aliyetiwa hatiani anafaa kutumikia adhabu nje ya gereza, sisi ndio tunaokwenda mtaani kwake, tunakaa na wazazi, mwenyekiti wa mtaa na aliyeibiwa, kisha tunaandika taarifa. Akikubaliwa, anafagia zahanati au analima shamba la shule, jioni anarudi kulala kwao.

Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo tangu 2002, ila sheria haina nauli. Mwaka juzi kijana wa miaka 19 alishikwa kwa wizi wa kuku wawili. Kwao ni juu kabisa, milima ya Uluguru. Pikipiki ya ofisi ilikuwa mbovu, mshahara haujatoka, nikasema nitapanda Jumatatu. Nilipoileta taarifa mahakamani, alikuwa ameshapigwa faini, imemshinda, ameingia ndani miezi sita. Mwaka huu nimemkuta tena kizimbani, safari hii kwa kuvunja nyumba usiku. Alinisalimia vizuri tu, kwa jina langu. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo nimekuwa nikiifikiria ile pikipiki. Kuna mahali watu walikaa wakapanga bajeti, na aliyeijua kazi yetu hakuwepo mezani. Mwaka 2023 Rais Samia alipounda ile Tume ya Haki Jinai, ya kuangalia namna ya kuboresha polisi, magereza na wengine wanaoshughulikia makosa ya jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, niliifuatilia mpaka ilipokabidhi ripoti mwezi Julai. Nikawa najiuliza, mapendekezo kama yale nani anayageuza kuwa fungu la fedha? Nikataka kuwa mmoja wao.

Nikaomba chuo kimoja Marekani, nikapata. Ni uzamili pacha: sera ya umma na haki jinai. Kwa kuwa baadhi ya masomo yanahesabiwa pande zote mbili, unamaliza shahada mbili kwa miaka mitatu badala ya minne. (Mama yangu akisikia “sera” anadhani nataka kugombea udiwani. Nimeacha kumrekebisha.)

Shida ni kwamba ufadhili niliopewa unalipa ada ya miaka miwili tu, upande wa sera. Mwaka wa tatu ni juu yangu. Na ruhusa ya masomo niliyoahidiwa kazini ni hiyo hiyo miwili. Bosi wangu, mtu mwema anayekaribia kustaafu, aliniambia, “Mwanangu, shahada mbili zitakupandisha cheo kimoja.” Tukacheka, lakini nilivyofika nyumbani sikucheka tena.

Mume wangu ana gereji yake ndogo. Akinifuata kama mwenzi wa mwanafunzi, viza ile haimruhusu kufanya kazi, na mimi wakati wa masomo mwisho wangu ni saa 20 kwa wiki, tena ndani ya chuo. Hatuwezi kuishi watu watatu kwa hizo. Kwa hiyo yeye abaki na gereji, mtoto abaki kwa bibi yake. Amesema niende. Amelisema mara mbili, ila mara ya pili alikuwa anafunga nati na hakuinua kichwa. Wewe unayejua wanaume, Shangazi, hiyo ni ndiyo au siyo?

Dada yangu anauliza kwa nini nisisome utawala wa umma hapa Mzumbe, nipande daladala asubuhi na jioni nimpikie mtoto uji. Sina jibu la kumshinda. Najua tu kwamba haki jinai bila kujua fedha inavyogawanywa itanirudisha kwenye pikipiki mbovu. Na sera peke yake naogopa itanifanya kuwa mtu wa warsha na chai ya saa nne, niliyesahau harufu ya mahabusu.

Chuo kinasema naweza kuanza na sera, kisha niombe hiyo ya pili kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Hapo ndipo ninapojiogopa. Najijua: nikishafika nitaiomba, halafu ndio nimpigie mume wangu simu nimwambie miwili imekuwa mitatu.

Je, nimwambie mitatu tangu sasa, hata kama huenda nisiichukue hiyo ya pili? Au niende na shahada moja niliyolipiwa, na hiyo nyingine niifute kabisa kichwani kabla sijapanda ndege? Jibu linatakiwa chuoni mwisho wa mwezi huu.

Wako,
Mama wa Mmoja, Morogoro