Uziwi wa mwanzilishi wa Skauti wa Kike usirukwe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Juliette Gordon Low, aliyeanzisha Skauti wa Kike wa Marekani mjini Savannah mwaka 1912, yamenigusa sana, ila yameruka jambo kubwa: mama huyu alikuwa na uziwi. Siku ya harusi yake, mwaka 1886, punje ya mchele waliorushiwa maharusi ilimwingia sikioni. Sikio hilo, ndilo lililokuwa bado zima, likaharibika.

Hata hivyo alianza na wasichana 18, na fedha zilipopungua akauza mkufu wake wa lulu. Binti asiyesikia akiyajua haya, hatajiona mgeni kambini. Naomba viongozi wa vikundi vya wasichana wasimulie kisa chote, nao wajifunze lugha ya alama ili mabinti viziwi waandikishwe kama wenzao.

Msomaji wenu