Chambueni mkopo kwanza, programu baadaye

Mhariri,

Zabuni nyingi za SACCOS (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) zinazotaka kununua programu ya kompyuta huandikwa kwa mtindo mmoja: mfumo usajili wanachama, ukokotoe riba, utoe ripoti. Kipengele hicho cha riba peke yake kinatosha kuzua ugomvi kwenye mkutano mkuu.

Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi. Riba ikikokotolewa juu ya mkopo wa awali, mwanachama analipa riba ya 18,000 kila mwezi, jumla 216,000. Ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, huku akirejesha 100,000 ya msingi (mkopo wenyewe bila riba) kila mwezi, riba yote ni 117,000. Ikiwa ni salio linalopungua lakini rejesho halibadiliki mwezi hadi mwezi, atalipa takriban 110,016 kila mwezi, na riba yote itakaribia 120,200. Programu zinazotumia njia hizi tatu zote "zinakokotoa riba". Muuzaji hakudanganya, ila hakuulizwa.

Kuuliza huko ndiko kazi ya mchambuzi wa biashara, ambaye vyama vingi bado vinamdhania kuwa fundi wa kompyuta. Zana zake za mwanzo hazigharimu kitu: karatasi, kalamu na mafaili ya zamani. Aombe mafaili kama 20 yaliyofungwa ya maombi ya mikopo, na asikubali kuchaguliwa yale mazuri tu. Awemo aliyekataliwa, aliyelipa kabla ya muda, aliyeongezewa mkopo juu ya mkopo, aliyehama kazi makato ya mshahara yakakatika, na aliyefariki. Kila faili lifuatwe kutoka fomu ya maombi hadi stakabadhi ya mwisho: nani alisaini, lilikaa mezani kwa nani, kwa siku ngapi.

Baada ya hapo ndipo wahojiwe watu. Mwenyekiti ataeleza kazi inavyotakiwa kufanyika. Karani ataeleza inavyofanyika. Mkiwahoji pamoja mtapata maelezo ya mwenyekiti tu, kwa hiyo kaeni na karani mezani kwake akiwa kazini, na daftari lake la pembeni litazamwe. Karibu kila ofisi ina daftari hilo, na humo ndimo zilimo kanuni ambazo hazikuandikwa kwenye sera ya mikopo.

Yote haya yachorwe. Alama za BPMN za kuchora hatua za kazi, zilizopitishwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2013, zinatosha hata ukitumia nne tu: duara la mstari mwembamba kwa mwanzo, kisanduku chenye pembe za mviringo kwa kazi, umbo la almasi kwa njia panda ya uamuzi, na duara la mstari mnene kwa mwisho. Kila mhusika apewe safu yake: mwanachama, afisa mikopo, kamati ya mikopo, mhasibu. Programu ya draw.io ni ya bure na inazo alama hizo. Angalieni almasi yoyote yenye njia moja tu ya kutokea. Hapo kuna swali halijaulizwa, na mara nyingi ni lile la "kamati ikikataa, nini kinafuata?"

Mahitaji yaandikwe kwenye Excel, kila moja kwenye mstari wake, likiwa na namba, aliyelitaja, sababu, kipaumbele na jinsi ya kulipima. Kipaumbele kigawanywe kwa madaraja manne: lazima, muhimu, ikiwezekana, si awamu hii. Wanaofuata DSDM, mbinu ya kuendesha miradi, hushauri kazi za daraja la lazima zisizidi asilimia 60 ya nguvu kazi yote, ili pabaki nafasi mambo yakienda kombo. Bodi itataka kila kitu kiwe lazima. Waulizwe: hiki kikikosekana siku ya kwanza, mkopo hautatoka? Orodha itapungua yenyewe.

Safu ya kupima ndiyo watu huiacha wazi, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. "Mfumo ugawe malipo pungufu" haipimiki. Inayopimika ni hii: mwanachama anadaiwa faini 5,000, riba 18,000 na msingi 100,000, akituma 50,000 kwa simu, mfumo ulipe faini yote, riba yote, kisha 27,000 iingie kwenye msingi. Kama sera yenu inaanza na msingi, andikeni hivyo. Ongezeni mifano ya malipo yaliyotumwa mara mbili, muamala uliorudishwa, na mkopo uliotolewa tarehe 31 ambao rejesho lake linaangukia Februari.

Kuhamisha kumbukumbu za zamani nako kuna mitego. Excel hula sifuri ya mwanzo ya namba ya simu, na tarehe 03/04 inaweza kugeuka Machi 4 badala ya Aprili 3 kompyuta ikiwa na mpangilio wa Marekani. Safu ya simu iwekwe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote, na tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka. Wazabuni wanaoomba sampuli wapewe majina ya kubuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu wanachama wa SACCOS kama inavyomhusu mteja wa benki.

Tunapendekeza zabuni iambatane na mikopo 10 iliyokokotolewa kwa mkono na mhasibu wa chama, majibu yakiwa kwenye bahasha iliyofungwa. Kila mzabuni aikokotoe kwa programu yake mbele ya bodi, bahasha ifunguliwe hapo hapo, na mkataba useme wazi kuwa malipo ya mwisho hayatatoka hadi mfumo uliofungwa ofisini utoe majibu yale yale hadi shilingi ya mwisho.

Wachambuzi wa biashara,
Dar es Salaam