Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu: msiifute safari ya Liverpool

Ndugu Mkurugenzi,

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, ili wazazi wenzangu wa huku Uingereza waisome kwanza. Mwanangu atakutafsiria, Kiingereza chake kinanipita mbali.

Tumeambiwa watoto hawatapelekwa tena Liverpool kujifunza biashara ya utumwa ya Atlantiki, kwa kuwa jumba la makumbusho limefungwa kwa ukarabati. Haya, jumba limefungwa. Na mji je?

Mwaka 2023 nililisindikiza darasa la mwanangu. Basi lilichelewa, tukabakiwa na dakika arobaini za kuangalia. Kila mtoto alipewa karatasi ya kupaka rangi: mchoro wa Brooks, meli ya kubebea watumwa, ule wa mwaka 1788, mamia ya watu wamepangwa sakafuni kama dagaa kwenye kichanja. Wangu akapaka bahari buluu, mbao kahawia, kisha akanivuta mkono. "Mama, hawa niwapake rangi gani?" Sikuwa na la kumjibu. Mwalimu alikuwa anahesabu vichwa, tuondoke.

Tukapiga picha kwenye Gati la Albert, halafu tukawanunulia aiskrimu kwenye maduka ya Liverpool ONE. Gati la Albert lilifunguliwa 1846, karibu miaka 40 baada ya Uingereza kuipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807. Gati lenyewe hasa, la mwaka 1715, limo chini ya yale maduka. Yaani pasipohusika ndipo tulipopigia picha, na penyewe tukalamba aiskrimu! Nami sikujua, nimekuja kusoma baadaye.

Meli za mji huo zilibeba Waafrika wapatao milioni 1.5. Lakini mtoto haelewi milioni. Anaelewa kisa cha meli ya Zong: mwaka 1781 mabaharia waliwatosa baharini watu zaidi ya 130, wenye meli wakaenda kudai bima, pauni 30 kwa kila kichwa. Mmoja wa wenye meli hao, William Gregson, aliwahi kuwa meya wa Liverpool. Kesi ikawa ya bima. Ya mauaji hakuna aliyeshtakiwa. Jengo la serikali ya mji bado lina vichwa vya Waafrika na tembo vilivyochongwa ukutani. Kuviona ni kuinua shingo tu, wala hakuna kiingilio.

Kwenye basi rafiki wa mwanangu alimwuliza kama babu zake walipitia pale. Hapana, sisi ni wa Kilwa. Lakini usiku nilimweleza kwamba mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa mmoja, Morice, amuuzie watumwa 1,000 kila mwaka wa kupelekwa Mauritius. Aliuliza, "Kwa hiyo na sisi tuliuza?" Nikamwambia ndiyo. Lile ndilo somo alilolishika, ile karatasi ilibaki kwenye basi.

Ombi langu, basi: irudisheni safari, iwe ya kutembea mjini kutwa nzima, na kisa cha Zong kisomwe darasani kabla ya kwenda. Mchoro wa Brooks waonyesheni, ila kalamu za rangi ziacheni shuleni. Nauli ya treni wazazi tuko tayari kuchangishana. Jumatano sina zamu kazini. Nihesabuni miongoni mwa wasindikizaji.

Wako,
Mama wa mwanafunzi