Msihesabu samaki tu, watazameni midomo

Mhariri,

Makala yenu ya kusifu "usafishaji" wa vijito imenikera kidogo. Mwandishi anashangilia kwamba magogo yameopolewa, miti ya ukingoni imefyekwa, mkondo umenyooshwa, na samaki bado wapo. Wapo, sawa. Ila ni samaki gani, na wanakula nini?

Mshike mmoja umtazame. Mdomo ukiwa chini ya kichwa, aghalabu huyo hutafuta riziki yake kwenye sakafu ya mto. Kama ni wa kukwangua mwani kwenye mawe, mpasue tumbo: utakuta utumbo mwembamba uliojiviringisha kama kamba, mrefu kuliko mwili wenyewe. Mla samaki wenzake utumbo wake ni mfupi, nyama haina kazi kubwa. Na mdomo ukitazama juu, huyo anangoja vinavyoelea.

Sasa kila mdomo una meza yake. Mkwangua mwani anataka mawe yanayopigwa na jua. Mla mabuu ya wadudu anataka maji ya kasi juu ya changarawe, kwani mabuu hujibanza kwenye mianya ya kokoto. Tope likiiziba, chakula chake kimezikwa. Anayengoja mdudu adondoke anahitaji tawi juu yake.

Hilo la tawi lilipimwa. Mwaka 1999 mtafiti Shigeru Nakano na wenzake walichapisha jaribio lao la huko Hokkaido, Japani. Walifunika vipande vya kijito ili wadudu wa nchi kavu wasianguke majini. Samaki hawakukaa na njaa. Waligeukia wadudu wa chini, wakawapunguza, na mwani uliokuwa ukiliwa na wadudu hao ukastawi. Kumbe kifuniko cha juu kilibadilisha hata mawe ya chini!

Ndiyo maana mwanabiolojia James Karr, alipopendekeza mwaka 1981 kipimo cha afya ya mito kwa kutumia samaki, hakuishia kwenye idadi. Alitazama pia wanaokula wadudu ni sehemu gani ya samaki wote, na wanaokula chochote kile ni sehemu gani. Hawa wa mwisho huongezeka mto unapoharibika, kwa hiyo "samaki bado wapo" inaweza kuwa habari mbaya.

Plastiki na makopo yatolewe, sibishani. Gogo lililooza liacheni: nyuma yake maji hutulia, majani hunasa, na mwindaji hujificha.

Msomaji wenu