Mji wako wa Mafunjoni

Mwanangu mpenzi,

Matatu yako ilipoondoka Jumapili nilirudi nyumbani nikakuta umesahau daftari la insha mezani. Usinikasirikie, nimelisoma. Nimesoma habari za Mafunjoni, huo mji wako wa kubuni kando ya mto, ambako kila nyumba kuna mtu anayesuka na hata mlango wa chifu ni wa matete. Nilipofika pale yule msichana anapojua mvua inakuja kwa kunusa mkeka, nilimwita baba yako nikamsomea. Najua ulikoyatoa. Umekulia juu ya mikeka hii hapa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, na wa kwanza kukulaza ulisukwa na nyanya yako.

Ila ramani yako imeniuma kidogo. Soko liko katikati, karakana zimelizunguka, shule ipo, steji ya boda ipo. Mafunjo yenyewe, mmea wa kinamasini tunaosukia mikeka, umeyasukuma pembeni kabisa mwa karatasi, ukapaka kijani mara mbili, basi. Mji mzima unakula kwa mmea ambao haukupewa kiwanja.

Kazi yetu unaijua. Baba yako anaingia na mtumbwi alfajiri, anakata karibu na mzizi, analeta miganda bado inachuruzika maji. Shina ukilikata unaona pembe tatu, na ndani moyo mweupe, mwepesi kama sponji. Tunapasua yangali mabichi, kisha tunaomba jua. Mvua ikiyawahi uani yanaota madoa meusi, na hakuna mnunuzi wa kuyatazama. Hayo yote umeyaandika vizuri. Usichokiandika ni siku ambazo hatukati.

Sijawahi kukusimulia hili. Ulikuwa bado shule ya msingi. Mfanyabiashara mmoja aliagiza mikeka mingi kwa mkupuo, nasi tukakata. Baada ya miezi miwili tukakata palepale, na kabla mwaka haujaisha tukarudi mara ya tatu. Mafunjo yanataka miezi sita kwa uchache, na yakipata mwaka ni bora zaidi. Kile kichwa chake cha nywele za kijani ndicho kinachoulisha mzizi, ukikikata kabla hakijakomaa mzizi unakula akiba yake mpaka inakwisha. Yaliyoota mara ya mwisho yalikuwa membamba kama penseli. Yule mtu alichukua mikeka, akalipa nusu, na simu yake haijapatikana tena. Pesa iliniuma, sikufichi. Lakini nililia siku niliyosimama pale majini nikaona uwazi, nikajua nimeufanya kwa panga langu mwenyewe. Nyanya yako hakunisema. Alikaa mlangoni, akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo chora upya. Mto umeupaka bluu toka juu mpaka chini, na sisi tunaijua Nyando. Inashuka na udongo wa Nandi, inapita Ahero na tambarare za Kano ikiwa nyekundu. Ikikuta mafunjo maji yanapunguza mwendo, tope linatua, samaki kama mumi na kamongo wanapata pa kujificha na kuzaa. Weka kinamasi katikati ya mji, mama, kikubwa kuliko soko. Mwachie na nzohe, yule swala wa kinamasini, njia yake. Nimemwona mara moja tu maishani, kazama majini mpaka shingoni, ananitazama.

Viti vya gugu maji viache, vimenifurahisha. Gugu ni mgeni, lilionekana humu ziwani miaka ya tisini ikianza, likafungia wavuvi mitumbwi. Mwaka 1997 wakaachiliwa wadudu wa kulila, na bado tunalo. Hilo watu wako wakate usiku na mchana. Ila usiandike kwamba ni kazi rahisi, karibu lote ni maji: kilo kumi ukianika hupati hata kilo moja.

Na vikapu vyenu msiwauzie watalii peke yao. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, nawaona akina mama sokoni Kibuye na vikapu mkononi kama zamani za nyanya yako, na wanarudi kununua kingine kikichakaa. Hao ndio watakaolisha mji.

Karatasi kubwa nimekununulia, nimeikunja ndani ya daftari. Rangi yako ya kijani imebaki kipande, nitakuja na nyingine siku ya wazazi. Ukimaliza niandikie jambo moja ambalo hata hapa ufuoni tunabishana nalo bado: huko Mafunjoni, siku mteja amekuja na pesa taslimu na mafunjo hayajakomaa, ni nani mwenye sauti ya kusema leo hakukatwi?

Mama yako