Maji ya Mto Pangani yafikayo baharini hayajapotea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu ya hivi karibuni kuhusu kilimo cha umwagiliaji, ambamo mwandishi alisikitika kwamba maji ya mito yetu yanapotea bure baharini. Mimi ni mama ninayefuga samaki aina ya mwatiko upande wa Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani. Riziki yangu yote iko pale mto unapokutana na bahari, kwa hiyo neno hilo siwezi kuliacha lipite.

Viumbe wengi wa majini wana kazi wasiyoipumzikia hata usiku, nayo ni kulinda kiasi cha chumvi miilini mwao. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Damu ya samaki wetu wengi, awe changu wa baharini au perege wa mtoni, ina kama theluthi yake tu. Changu basi yumo majini lakini mwili wake unataka kukauka, kwa sababu chumvi ya nje inamvuta maji. Hana budi kuyanywa hayo hayo maji ya bahari, matamvua yake, yaani viungo anavyopumulia, yaitoe chumvi, na mkojo wake uwe haba. Kwa perege ni kinyume. Maji humwingia mwilini muda wote, naye huyakojoa kwa wingi, huku matamvua yakiokota chumvi kidogo iliyomo mtoni.

Mwatiko anayaweza maisha yote mawili. Hutaga baharini, vifaranga wakaingia na maji makubwa ya bamvua hadi kwenye vijito vya mikoko, wakakulia humo, na wakishapevuka hurudi baharini kuzaa. Matamvua yake yanajua kutoa chumvi na yanajua kuiokota, ila kugeuza kazi kunataka muda. Ndiyo maana sisi tunaokusanya vifaranga hatuwamwagi bwawani hapo hapo. Tunawaweka kwenye ndoo, tunaongeza maji ya bwawa kidogo kidogo, tunawatazama wanavyoogelea. Mwenye haraka huokota mizoga asubuhi.

Na uwezo huo haupatikani bure. Kuisukuma chumvi nje kunakula nguvu, na nguvu hutoka kwenye chakula. Kiangazi kikikaza, jua huchukua maji ya bwawa na kuiacha chumvi. Samaki wangu wanakula pumba zile zile lakini hawanenepi. Hapo ndipo nautamani mto kuliko kitu chochote.

Mikoko nayo ina mbinu zake. Mti uitwao mkoko hasa huizuia chumvi nyingi kwenye mizizi isipande. Mchu, aina nyingine ya mikoko, huiacha ipande, kisha huitoa kwa majani. Lamba jani la mchu siku ya jua, utaisikia chumvi kwenye ulimi. Watu wakisikia hivyo hudhani miti hii inapenda chumvi. Hapana, inaivumilia. Pale maji baridi ya mto, yasiyo na chumvi, yanapoifikia, mchu hurefuka ukawa mti wa kupasua mbao. Penye uwanda uliokolea chumvi, mchu huo huo hubaki kichaka, mtoto wa shule anauchungulia kwa juu.

Kamba vilevile. Jike hutaga baharini, lakini watoto wake hukulia kwenye maji ya mchanganyiko, chini ya mizizi ya mikoko, wanakopata chakula na maficho. Kaa wa tope hufuata njia hiyo hiyo: jike hutoka kwenda baharini kutaga, wadogo hurudi matopeni. Anayenunua kamba sokoni Tanga au Dar es Salaam anakula matunda ya maji yale ambayo mwandishi wenu anayaita ya hasara.

Sisemi watu wa juu wasilime. Mto huu unatoka Kilimanjaro na Meru, unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, unanywesha mashamba mengi, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, kisha ndio unatufikia. Mazao hayo tunayala na umeme huo tunautumia. Lakini mto ukipungua, bahari inaupanda. Wazee wa huku watakuonyesha sehemu za mtoni zilizokuwa na maji ya kunywa ambayo leo huwezi hata kupikia, na minazi ya kingoni iliyodhoofika. Mnazi hauna matamvua ya mwatiko wala majani ya mchu.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa kulinda viumbe wa majini. Kwa hiyo sisi wa mlangoni mwa mto hatuombi hisani. Ombi langu kwa wanaogawa vibali vya maji ni kwamba fungu hilo lihesabiwe kabla ya kibali kipya kutolewa, na lipimwe huku chini, miezi ya kiangazi, siyo huko juu wakati wa masika.

Kwako Mhariri, mtume mwandishi wako mwezi wa pili, kabla mvua hazijaanza. Avuke na pantoni asubuhi maji yakiwa yamejaa, apande na ngalawa kuelekea juu, na kila baada ya mwendo fulani aonje maji. Aandike amefika wapi ndipo chumvi ilipokwisha.

Mfugaji wa mwatiko,
Bweni, Pangani