Barua kwa mwanangu: msongo wa mawazo kwenye Darkest Dungeon

Mwanangu Neema,

Umeuliza kama Darkest Dungeon, lile gemu la kompyuta la kuongoza mashujaa shimoni, inaonyesha maradhi ya akili yalivyo. Usihukumu kwa michoro wala kwa sauti nzito ya yule msimulizi. Angalia kanuni zinakulipa kwa kufanya nini.

Kila shujaa ana kipimo cha msongo, 0 hadi 200. Mwenge ukififia msongo unapanda upesi zaidi. Pigo kali la adui nalo huupandisha. Ukifika 100 anajaribiwa: ana nafasi ya kama 25% ya kuibuka jasiri, vinginevyo anavunjika, awe mwoga, mwenye shuku, mkatili au aliyekata tamaa. Ukigonga 200, anapata mshtuko wa moyo. Hapa Red Hook, waliolitoa gemu hili 2016, wamegusa ukweli. Aliyevunjika hukataa kutibiwa, huruka zamu, na maneno yake huwapandishia wenzake msongo. Mko wanne shimoni. Akianza mmoja, wa pili hachelewi.

Mkirudi kijijini, unamweka shujaa aliyechoka kanisani kusali au baa kunywa. Unalipa dhahabu, naye anakosa safari inayofuata. Yupo asiyetaka kingine ila sala. Hili nalipenda: nafuu inakula muda, na kinachomfaa huyu hakimfai yule. Baa nayo ina hila zake, maana anaweza kutoka na tabia mbaya mpya, au asionekane kwa muda.

Kasoro iko kwenye gari la farasi, linaloleta mashujaa wapya kila wiki, bure. Kumtibu aliyechoka ni gharama, kumfukuza si gharama. Basi wachezaji wazoefu huchukua wapya, wakawaingiza shimoni gizani, wakazoa dhahabu, kisha wakawatimua. Wapo wanaosema hiyo ndiyo hoja yenyewe ya gemu. Huenda, lakini asiyeitafuta hoja hiyo ataondoka na somo moja tu: mgonjwa ni hasara.

Mtindo huu wa kuhesabu akili ni wa zamani. Call of Cthulhu, mchezo wa mezani wa Sandy Petersen wa 1981, ulishaipa akili pointi. Ukipoteza 5 au zaidi kwa mpigo, unarusha kete kuona kama umerukwa na akili kwa muda. Ukifika 0, mhusika unanyang'anywa. Kwa hadithi za kutisha inafaa sana. Kwa sonona haifai hata kidogo, maana sonona huja hata pasipo zimwi wala tukio lolote.

Ukitaka kulinganisha, cheza Disco Elysium, gemu la upelelezi la 2019. Mpelelezi wake ana afya na ari, na ari inaweza kuisha kwa maneno tu, katikati ya mazungumzo, ukapoteza mchezo bila kupigwa hata kofi. Ukubwa wa ari unatokana na Volition, yaani ujuzi wa utashi wa mhusika, kwa hiyo usianze na pointi 1 hapo. Tembea na magnesium, dawa ya kurudisha ari ndani ya gemu, mfukoni, na hifadhi mchezo kabla ya kumkabili mtu mgumu, kwa sababu katikati ya mazungumzo huwezi.

Mama